Mvua za Bi Hajira

Kundi letu la simu lina watu watatu tu, na sote watatu tumeshaambiwa na watu wa nyumbani kwetu kwamba hatuna kazi. Mimi ni Ismaily, fundi baiskeli wa Nkowe. Wa pili ni mwalimu Sofia, anafundisha shule ya msingi kule Nambilanje. Wa tatu, mkubwa wetu kwa umri na kwa ubishi, ni Bi Hajira wa Naipingo, upande wa Nachingwea. Kila siku saa tatu asubuhi kila mmoja anapima mvua ya kwake na kuituma kundini. Siku isiyo na mvua tunaandika sifuri, na hiyo sifuri nayo tunaijadili.

Bi Hajira alirithi kazi hii kwa mumewe, marehemu Kaimu, aliyekuwa mtumishi wa kituo cha utafiti wa kilimo. Kituo kilipopata vifaa vipya, Kaimu alipewa kipimamvua cha zamani cha shaba, akakijengea msingi wa saruji uani kwake. Ilikuwa mwaka tisini na moja. Asubuhi mume anamimina maji kwenye chupa ya kupimia na kusoma, mke anaandika. Kaimu alipofariki, hata akiwa ndani ya eda, Bi Hajira alitoka uani saa tatu, akapima, akarudi ndani. Madaftari yake, yale makubwa ya jalada gumu, yamejaza sanduku zima la bati.

Humo ndimo alimotoa neno lake, analolisema msibani, harusini na popote penye watu wa kumsikiliza: "Mvua ilikwenda na Kaimu." Wala halisemi hivi hivi, ana ushahidi. Enzi za Kaimu mwaka ulikuwa unafika milimita mia tisa na kupita. Baada yake ikawa mia nane, ikawa mia saba, sasa ni mia sita na kitu. Mwalimu Sofia alikwishawaandikia wanafunzi wake hesabu hizo ubaoni.

Mimi mwenyewe nilimpenda kwa maneno hayo. Nikimsikiliza naiona mvua ya utotoni kwangu, tunatoka shamba tumejifunika magunia, mama ametangulia na jembe begani, bonde zima linapiga kelele za vyura. Ah, zile zilikuwa mvua! Nikikumbuka vile, natamani hata ile baridi ya nguo kugandia mgongoni.

Aprili iliyopita Sofia alituma picha ya wingu lililojikunja kaskazini mwa Madagaska. Kundi likawaka moto. Siku nne nzima sikufanya kazi ya maana, nilimfungia mteja tairi ambalo sijaliziba. Sofia alitutumia kila asubuhi na jioni mahali kimbunga kilipofika, na Bi Hajira, kwa sababu simu yake ina kioo kilichopasuka, akawa anaweka alama kwa penseli kwenye ramani ya shule iliyochanika pembeni. Mamlaka ya hali ya hewa ilitangaza tahadhari. Siku ya nne ikaja sauti ya Bi Hajira: "Jamani, kinakata kona. Upepo hatuupati, tutapata maji." Na kweli, kilipinda, kikaanza kulegea huko huko baharini, kikatusukumia mawingu yake.

Hapo nikatoa la moyoni. Nikaandika: "Mama, mbona Naipingo milimita zenu zinakuwa chini ya zetu kila mara, hata wingu likifunika wilaya zote mbili?"

Sauti ikarudi kabla sijaweka simu chini. "We Ismaily, nimeanza kupima wewe unafukuza matairi barabarani. Kama huniamini, njoo upime mwenyewe."

Mimi mtu ukiniambia njoo, nakuja. Nilibeba kipimo changu cha akiba, cha plastiki, nikaazima pikipiki ya shemeji nikaenda. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika kwake, maana sisi wa kundi tunajuana kwa sauti.

Niliuona kabla sijazima pikipiki. Mkorosho. Kaimu aliupanda mwaka mmoja kabla ya kufa, mche wa kubebesha, ule wa kuungwa kikonyo, aliotoka nao kituoni, mfupi kama mwiko. Sasa ulikuwa umekamata nusu ya uwanja, na tawi lake moja nene limepita juu kabisa ya kipimamvua.

Baada ya shikamoo ningeweza kulisema vizuri. Sikulisema vizuri. "Mama, kipimo chako kimevaa kofia."

"Mkorosho una majani, hauna bati," akajibu, na kunikaribisha ugali. Lakini hakuniangalia. Masharti alikuwa anayajua kuliko mimi, Kaimu alimfundisha mwenyewe: kipimo kikae peupe, mbali na mti na nyumba. Ila mti ule alikuwa anauona kila siku, ukaongezeka kidogo kidogo, akauzoea.

Nilikisimamisha cha kwangu mwisho wa uwanja, kando ya karanga zake. Mvua ilianza alasiri, bila upepo, ikanyesha mpaka alfajiri. Saa tatu tulitoka wote wawili. Sofia alikuwa ameshatuma: Nambilanje, tisini na moja. Chupa ya Bi Hajira ikasoma hamsini na nane. Akapiga magoti kwenye tope kukisoma cha kwangu kwa macho yake. Tisini na nne.

Alikaa kwenye ule msingi wa saruji. "Basi mvua haikwenda na Kaimu," alisema.

Nilijisikia vibaya sana. "Huenda kweli zimepungua kidogo, mama."

"Usinidanganye uani kwangu." Akafuta macho kwa ncha ya kanga, yakajaa tena. "Miaka kumi na tano, Ismaily. Mvua inanyesha, na mimi nalia kwamba hainyeshi."

Nikasema nilete panga nikate lile tawi. Akakataa. Mti hauna kosa, alisema, kihame kipimo. Nikachukua sururu nikaanza kuubomoa msingi wa Kaimu, na kila pigo nikimwomba radhi marehemu kimoyomoyo. Yeye alitoa madaftari sandukuni, akatafuta mwaka ambao mti ulianza kutanda, na kuanzia hapo, kwenye sehemu ya maelezo, akaandika kila ukurasa: chini ya mkorosho. Alimaliza baada ya adhuhuri. Sikuthubutu kumsaidia.

Kisha akachukua simu, akatuma kundini: Naipingo, 94.

Sofia, ambaye hakujua lolote, alijibu papo hapo: "Hee, mama! Hiyo sasa ni mvua kama zile za mzee Kaimu!"

Bi Hajira aliyasoma maneno hayo kwa muda mrefu. Nilidhani ataizima simu. Halafu akaandika kwa kidole kimoja, taratibu, herufi moja moja: "Hapana, mwalimu. Ni mvua ya siku hizi."