Mbuzi Huletwa na Aliyekosa

Nakumbuka Jumapili moja hapa Kithimani, ukumbi wa kanisa umejaa hadi watu wamekaa madirishani, na mbuzi wa kweli anapandishwa jukwaani kwa kamba. Watu walishangilia. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, kiburi kimenijaa, maana mchezo ulikuwa wangu. Mjukuu wangu Ndinda, keti. Weka simu hiyo chini. Filamu yenu nimeitazama yote, na tangu nistaafu ualimu sijawahi kukasirika hivi. Nisikilize kwanza, utajitetea baadaye.

Nilikuwa mwalimu kijana, nikijiona nimesoma kuliko padri. Katika maktaba ya shule niliokota riwaya ya zamani ya Kifaransa, imetafsiriwa, jalada limeng'oka. Ilisimulia habari za mama mfua nguo aliyesingiziwa kuiba lesi nyumbani kwa matajiri. Majirani walimjua mwizi, lakini walinyamaza wasije wakakosa kazi. Miaka ikapita, ukweli ukajulikana, wakaja mlangoni kwake na maneno matamu, wakitaka yaishe hivi hivi. Yule mama akawatazama mmoja mmoja, akafunga mlango. Kitabu kinaishia hapo. Nilikisoma mara tatu, nikaamua vijana wa kanisa wakicheze.

Nikakitoa Ufaransa nikakileta Machakos. Mfua nguo akawa fundi wa cherehani katika kiwanda cha nguo huko Athi River, na lesi ikawa jora la kitambaa. Hapo sikukosea. Hadithi ikihama lazima ivae nguo za huko iendako. Ila mambo ya kiwandani sikuyajua, kwa hiyo nikaenda kwa Mbithe, binamu ya mama yangu.

Mbithe alikuwa ameshona katika kiwanda kama hicho mpaka alipofukuzwa kwa jora ambalo hakuliiba. Wanawake watatu wa hapa kwetu, waliokaa naye mstari mmoja, walimwona msimamizi akilitoa. Hakuna aliyefungua mdomo. Akarudi nyumbani na jina la mwizi. Hata kwenye mwethya, kile kikundi cha akina mama cha kuchimba matuta mashambani, akiondoka walikuwa wanahesabu majembe upya. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu.

Nilimsomea kile kitabu, nikikigeuza kwa Kikamba nikiendelea. Nilipofika pale mlango unapofungwa, aliweka ungo wa maharagwe chini akalia. "Asi! Huyu mama wa huko Ufaransa alinijulia wapi?" Kuanzia siku hiyo alikuja mazoezini kila wiki. Aliwafundisha wasichana wangu kuingiza uzi bila kuangalia, na jinsi wafanyakazi wanavyopanua mikono getini wapekuliwe. Aliniambia, "Hiyo siku watanisikia, hata kama si mimi naongea." Hilo ndilo alilotaka maishani mwake, wala hakutaka lingine.

Wiki moja kabla ya onyesho, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa alikuja kututazama. Ukumbi ulikuwa mikononi mwake, viti pia. Tena alikuwa mmoja wa wale watatu. Alitazama hadi mwisho, akasema taratibu, "Mwalimu, mchezo ni mzuri. Lakini huo mwisho ni wa wazungu. Sisi tunapatana. Weka mbuzi. Na huyo fundi ndio mkubwa wa mchezo, mpe yeye kamba."

Nilijua alichokuwa anakitafuta. Nilijua! Usije ukasema babu yako alidanganywa. Niliutaka ukumbi, nikautaka na makofi, nikaandika.

Basi siku ile fundi aliyeonewa akamvuta mbuzi hadi kwa majirani waliomnyamazia, akapiga magoti, akaomba wampokee. Wewe ni Mkamba, hata kama umekulia Syokimau. Watu wakikoseana, mbuzi huletwa na aliyekosa. Anayeshika kamba ndiye mwenye makosa, na hakuna haja ya hakimu.

Mbithe alisimama katikati ya ukumbi. Vigelegele vikakatika. Hakupaza sauti.

"Mutua, mbona umenipa mimi kamba? Nimewafundisha na hii mikono yangu. Wale wenye waliona wameketi hapo mbele. Wewe uko na masomo, uko na kitabu, na umenifanya mwizi mara ya pili. Ile ya kwanza hata hawakunipigia makofi."

Akatoka. Mwenyekiti akaiambia kwaya iimbe, nayo ikaimba.

Baada ya siku chache nilimpelekea mbuzi nyumbani kwake. Alinikuta uani, amebeba jembe, wala hakuliteremsha. "Rudi na hiyo mbuzi. Uliniaibisha mbele ya watu, sasa unaniomba msamaha mbele ya kuku? Kusanya wale wale, useme."

Sikuwakusanya. Leo nasubiri shule zifungwe, kesho mvua, kesho kutwa mwenyekiti ni mgonjwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi niliuacha ufa miaka yote hiyo. Juzijuzi tulimzika Mbithe. Nilipewa kipaza sauti kaburini, nikasifu maharagwe yake. Maharagwe! Nikirudi kukaa nilimsikia mama mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Si ndiye yule wa kitambaa?" Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na sitaki pole yako.

Sasa wewe umefungua sanduku langu, ukatoa daftari la ule mchezo, ukautia kwenye simu. Kitabu chenyewe hukukishika hata kidogo. Hukusoma kitabu, Ndinda, umesoma kosa langu! Nilipokuuliza ukanijibu, "Babu, kwani shida iko wapi? Watu wameipenda, hiyo ending ndio imebamba." Nilikaribia kukurushia fimbo. Mchezo wangu uliishia kwenye ukumbi mmoja, wako umefika hata kwa watu tusiowajua, na kila anayeutazama anamwona Mbithe ameshika kamba.

Shika neno hili basi. Ukitaka kukihamisha kitabu cha watu, jukwaani, redioni au kwenye simu, kwanza kisome chote. Badilisha mji, badilisha majina, mvue mfua nguo umvalishe fundi. Lakini kosa usilihamishe kutoka kwa aliyelitenda kumpelekea aliyetendewa, hata kama mwenye ukumbi anataka hivyo, hata kama watazamaji wanalia kwa furaha. Na mtu akikuazima maisha yake uyatie kwenye hadithi, muulize mwisho kabla hujauandika. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Iondoe filamu hiyo leo. Jumapili utakuja na simu yako kwenye ukumbi ule ule. Katika wale watatu amebaki mwenyekiti, naye bado hukaa mbele. Mbuzi nimemnunua, yuko hapo nje. Nitamwingiza mwenyewe, nimtaje Mbithe kwa jina lake, niseme nilichojua na nilichoandika, kisha nimkabidhi binti wa marehemu mbuzi huyo, ampokee kwa niaba ya mama yake. Nirekodi hadi mwisho, na usikate hata nikilia.

Sogea nikutemee mate ya baraka kifuani. Mungu akupe jicho la kuona na mkono usioogopa makofi. Uzae, uzeeke vizuri, na asikupe uzee wa kumvuta mbuzi aliyechelewa kama wangu.