Shangazi na Kadi ya Mwoka Mikate

Shangazi yangu akiingia kazini hasalimii mtu mpaka amesalimia kadi. Anaketi, anawasha kompyuta, anachomeka kadi ya kwanza kwenye kisoma kadi chake, kidude cheusi kinachoenea kiganjani, anaiuliza hali. Kadi inajibu. Ndipo anageuka: "Enhe, nyie wengine hamjambo?"

Anafanya kazi hospitali kubwa, kwenye kichumba cha mwisho wa korido, kati ya chumba cha kufulia na stoo ya magodoro. Pale kila mfanyakazi, kuanzia daktari mpaka mfagiaji, ana kadi yenye kile kisahani cha rangi ya dhahabu. Kadi ndiyo inafungua milango, na kwenye milango mingi lazima ubonyeze na namba ya siri. Ukikosea mara tatu mfululizo, kadi inajifunga yenyewe. Hapo hata uwe mganga mkuu, utakwenda kwa Shangazi na foleni utapanga.

Wenzake wa kompyuta wana programu yenye picha na vitufe vya rangi. Yeye hataki hata kuiona. Kipanya cha kompyuta amekitundika ukutani kwenye msumari, kwa mkia, kama kimenaswa kinaiba. Anachotumia ni dirisha jeusi lenye maandishi meupe. Anaandika amri fupi, anabonyeza Enter, na kadi inamjibu kwa tarakimu. Tarakimu zile mimi naona kama kuku kakanyaga wino, yeye anazisoma kama mama anavyosoma sura ya mwanawe. "Hii inasema imekubali. Hii inasema faili hilo haina. Hii inasema namba siyo, na umebakiza mara moja, kwa hiyo jiangalie."

Siku moja aliniambia, "Kadi ni nyumba. Unaingia sebuleni, unaulizia chumba. Ukiingia chumbani unaulizia kabati. Ukifungua kabati ndiyo unasoma kilichomo. Ukiruka sebule ukakimbilia kabati, inakukatalia. Ina adabu kuliko wewe."

Mimi naishi kwake, pamoja na bibi, yaani mama yake, tangu mimi na shule tulipoachana kidato cha pili. Nimeuza miwani ya jua, nimepaka rangi mageti, nimefukuzwa kazi ya kuosha magari kwa sababu nilikuwa nayaosha huku nayaendesha. Shangazi ndiye aliyeniombea kazi ya kusukuma toroli la mashuka machafu. Kila nikitoka wodini kwenda kufulia napita mlangoni kwake, na kila nikipita nasimama, kwa sababu ana feni.

Aliwahi kuolewa. Akarudi nyumbani na sanduku moja na pasi. Bibi akamuuliza, alikuwa anakupiga? Hapana. Mlevi? Hapana. Sasa nini?

"Hajibu, mama. Namuuliza utakula? Anaangalia dirisha. Namuuliza tunahama au hatuhami? Anakohoa. Ile yote haikuwa ndoa, nilikuwa naishi na kikohozi. Kadi ukiiuliza inakujibu. Hata ikikataa, inakuambia imekataa nini."

Tangu hapo akija mwanamume kumzungumzisha habari hizo, anamtazama kama kadi iliyopasuka.

Sasa jikoni kulikuwa na mwoka mikate. Watu wanamwita Hamira, kwanza kwa kazi yake, pili kwa umbo, maana kila mwaka anaumuka kidogo. Mkewe alifariki zamani. Mtu mpole, ana mikono kama makasia, na mbele ya unga anaimba mpaka wapishi wengine wanamwomba anyamaze. Lakini alimpenda Shangazi, na mbele ya Shangazi ulimi wake uligeuka donge. Kusema hawezi. Basi kadi yake ikawa inajifunga kila wiki.

"Tena?" Shangazi anauliza.

"Tena, dada."

Anachomeka, anaandika, Enter. "Weka namba mpya. Usinitajie, bonyeza tu. Haya, imefunguka."

"Asante, dada. Aa... leo kuna joto, eh?"

"Anayefuata!"

Mambo yote yamekwisha kabla Hamira hajapangusa unga kwenye nyusi.

Siku hiyo nilikuwa nakata kona na toroli langu, nikamkuta amesimama mbele ya mlango wa kufulia, anabonyeza namba kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayepapasa joto la mkate.

"Mzee Hamira, huo mlango siyo wako. Huo ni wa mashuka."

Akashtuka mpaka kofia ikamwanguka. "Nyamaza, mwanangu."

"Na unabonyeza moja, moja, moja, moja. Namba gani hiyo?"

"Naifunga," akasema, masikio yamemwiva. "Ikijifunga ndiyo napata kwenda kwake. Sasa umejua, niue."

Sikumuua. Jioni nilimwambia bibi, ambaye alikuwa anachambua mchele.

"Mume wangu," akasema. Ananiita hivyo akifurahi. "Huyo mwanamume ana kazi?"

"Anaoka mikate ya hospitali nzima."

"Ana meno?"

"Yote."

"Basi fumba mdomo wako. Mambo haya yanaivishwa kwa moto mdogo. Ukimwambia shangazi yako sasa hivi, atamchomeka kwenye kile kidude chake."

Nikafumba. Lakini kadi ina kabati moja ambalo Hamira hakulijua: inakumbuka milango uliyojaribu karibuni, na saa, na kama ulipata au ulikosa. Wiki iliyofuata Shangazi akalifungua kabati hilo. Akaniita niache toroli.

"Njoo uone. Alfajiri, jikoni, namba sahihi, mara moja tu. Saa nne, mlango wa kufulia: kakosea, kakosea, kakosea. Wiki iliyopita hivyohivyo. Na ile ya nyuma yake."

Nikajua leo ndiyo leo. "Kwa hiyo unaona nini, Shangazi?"

"Naona mgonjwa." Akatikisa kichwa kwa huruma. "Alfajiri akili iko sawa. Ikifika saa nne kasahau namba, kasahau mpaka jiko lake liko wapi, anahangaika na milango ya watu. Maskini. Na bado si mzee kihivyo."

Nilitamani nijifunike mashuka machafu. Mwanamke anayesoma tarakimu bila kupepesa, penzi limeandikwa mbele yake mistari mitatu mitatu, anasema mgonjwa!

Hamira alipokuja tena, Shangazi hakumwambia "anayefuata". Alimpa kiti. Akaongea polepole na kwa sauti kubwa, kama anaongea na mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Kaka, leo ni siku gani?"

"Jumanne," Hamira akasema, anashangaa.

"Vizuri sana! Na mimi ni nani?"

Hamira akafungua mdomo, akaufunga, akatazama sakafu. Shangazi akampigapiga begani.

"Usione haya. Maradhi hayachagui mtu. Nimekuombea ruhusa: kesho niletee hiyo kadi niiondolee namba ya siri kabisa. Utakuwa unagusa mlango tu, unaingia. Haitajifunga tena maisha."

"Maisha?"

"Maisha."

Uso wa Hamira ukashuka kama mkate uliofunguliwa oveni mapema. Alinikimbiza korido nzima, tumbo mbele, mpaka akalishika toroli.

"Mwanangu, nimekwisha. Namba ikiondoka, mimi nitakwenda kwake na sababu gani?"

"Mwambie tu, mzee. Nataka kukuoa. Maneno mawili."

"Mwambie tu! Wewe unadhani kusema ni kusukuma toroli?" Akafikiri, anapumua. "Hebu niambie. Kadi ikifa kabisa, kutengeneza mpya kunachukua muda gani?"

"Asubuhi nzima. Anaijenga upya chumba kwa chumba, na mwenyewe lazima ukae pale kwenye kiti."

Nilijibu bila kufikiri, nilikuwa naokota shuka. Nilipoinua kichwa, Hamira alikuwa anaelekea jikoni kwa mwendo wa mtu aliyepata dawa.

Kesho yake kadi ililetwa juu ya sahani. Ilikuwa imejikunja kama jani kavu, pembeni imepata rangi nzuri ya kahawia. Aliioka, jamani. Aliiweka katikati ya mikate, kwa moto wa mkate. Alichosahau ni kwamba kadi hiyohiyo ndiyo inafungua stoo ya unga, na mikate mingine ilikuwa bado kukandwa. Mpaka mlinzi atafutwe na funguo zake, wagonjwa walipata mkate saa nne, na nasikia kuna waliokuwa hawajainuka kitandani tangu waletwe, siku hiyo wakainuka kwenda kuuliza.

Nje ya mlango foleni ilikuwa na nesi, dereva wa gari la wagonjwa, na mimi na toroli langu. Shangazi aliinyoosha ile kadi chini ya kitabu kinene, akaichomeka kwa nguvu. Akaandika. Enter. Kimya. Enter. Kimya.

"Haijibu," akasema, sauti ya msibani. Akageuza kiti. "Mpya sitengenezi mpaka nijue hii imekufaje. Ilikuwa wapi?"

Hamira akatazama dirisha.

"Nimeuliza, kaka. Ilikuwa wapi?"

Hamira akakohoa.

Weee! Angejua. Shangazi aliinuka mpaka kiti kikagonga ukuta.

"Usikohoe! Humu ndani hakohoi mtu! Nikiuliza, najibiwa! Ukiwa hujui, sema sijui! Ukiwa hutaki, sema sitaki! Kadi ilikuwa wapi?"

"Ovenini," Hamira akasema.

"Iliingiaje?"

"Niliiweka."

"Kwa bahati mbaya?"

"Kwa mkono."

"Mungu wangu," akasema nesi.

"Kwa nini uliiweka?"

"Ili ife."

"Ikifa?"

"Utanitengenezea mpya."

"Nikikutengenezea?"

"Nitakaa hapa asubuhi nzima."

"Ukae hapa ufanye nini?"

Hapo akakwama. Dereva akachungulia mlangoni: "Mzee, ulipofika hapo huwezi kurudi nyuma. Maliza, wengine tuna wagonjwa garini!"

Hamira akavua kofia. Unga ukamwagika mabegani.

"Nikuangalie. Siumwi, dada. Namba zangu nazikumbuka zote, na leo ni Jumatano. Nilikuwa nakosea makusudi. Nataka kukuoa, nimekosa mlango wa kuingilia."

Nesi akashika mkono wa dereva. Mimi nilishika toroli. Shangazi alimtazama Hamira, akaitazama kadi iliyokauka, akamtazama tena. Halafu akageukia dirisha lake jeusi, akachomeka kadi mpya, akaanza kuandika.

Alijenga sebule, akajenga vyumba, akapanga makabati. Nikaenda wodini nikarudi, yuko palepale, anaandika. Hamira yuko kwenye kiti, anatoka jasho, anaangalia. Alipata kile alichoiokea kadi, na alionekana kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Kila Shangazi akibonyeza Enter, Hamira anapepesa.

Mwishowe akampa kadi. "Weka namba ya siri. Siiondoi, akili yako nzima. Na usirudie kuchezea kazi yangu."

"Sirudii. Na... na lile nililosema?"

"Hilo halitengenezwi ofisini. Jumapili, nyumbani, kwa mama. Anayefuata!"

Jumapili Hamira alikuja amevaa shati lililomkaba shingo, kaleta mkate mrefu kama mkono wangu, na kaka yake mkubwa, dalali mstaafu wa mnada, wa kumsemea. Bibi alikaa kwenye kiti chake na khanga mpya. Shangazi alikuwa jikoni na birika, mlango wazi.

Dalali akasafisha koo. "Mama yetu mpendwa, sisi ni wasafiri, tumepita hapa, tumeona nyumba nzuri, tumesikia ndani yake mna lulu, tena lulu ya..."

"Ajibu mwenyewe!" ikatoka sauti jikoni.

"Bado hatujaulizwa, shemeji," akasema dalali.

"Basi mama amuulize."

Bibi akamuuliza. Hamira akasimama, akagonga kichwa kwenye rafu, hakusikia hata maumivu. "Mama, nampenda binti yako. Nataka kumuoa. Naamka alfajiri kila siku na nitakuwa namjibu."

"Nimekusikia," akasema bibi. Akageuza kichwa. "Na wewe, mwanangu, umesikia. Unasemaje?"

Kimya.

"Mwanangu?"

Birika likaanza kulia. Dalali akanitazama, mimi nikamtazama Hamira, Hamira akatazama viatu vyake. Shangazi yangu, aliyewahi kumrudisha daktari bingwa mlangoni kwa kujibu nusu, alikuwa hana jibu. Bibi akapandisha sauti: "Nimeuliza! Au nije nikuchomeke?"

Ndipo Shangazi akatokea amebeba sinia. Akaliweka mezani taratibu, akakunja mikono. Sote tukainama kuangalia. Sinia tupu.

"Vikombe viko wapi?" bibi akauliza.

"Vikombe gani?" Akaliangalia sinia kama ndiyo mara ya kwanza kuliona. Halafu akaliambia sinia, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kumsikia nayo: "Ndiyo."

"Ndiyo nini?" dalali akauliza. "Vikombe au ndoa?"

"Ndoa, shemeji. Vikombe nimesahau."

Hamira akawa ameshageuka anaelekea jikoni kuvileta. Bibi akamdaka shati. "Kaa chini. Wewe bado mgeni hapa."

"Lakini mama, amesema ndiyo."

Bibi akafikiri. Akamwachia shati.

"Basi vilete. Na kisu cha mkate, droo ya pili. Ile ya juu imekwama, uje siku nyingine uitengeneze."