Saumu ya Fundi Ameir

Wazanzibari wa Falls Church, Marekani, walimsifu Ameir kwa mambo mawili. La kwanza, kwamba ni fundi wa pikipiki za mashindano. La pili, kwamba aliwahi kushinda na saumu juani, kazini, siku ambayo dini yenyewe ilimpa ruhusa ya kula. Yote mawili yalikuwa kweli, na hilo la pili ndilo lililomfanya kwa karibu miaka mitatu ashindwe kumtazama usoni mtu aliyempa kazi.

Alitoka Wete, Pemba, mwaka tisini na tisa. Kule alikuwa akifufua Vespa za walimu na Honda ndogo za wachukuzi wa samaki, na alipofika Marekani akajikuta anapakia maboksi ya viatu kwenye ghala la Landover. Alipakia miaka minne bila kulalamika, ingawa mkewe Johari anasema alilalamika sana, ila kimoyomoyo na uso mkunjufu. Jirani na ghala palikuwa na gereji ndogo ya pikipiki. Siku moja, wakati wa mapumziko, aliingia humo akamkuta mtu mwembamba mwenye nyusi nzito anahangaika na injini inayokohoa. Ameir alisogea karibu. Alinyoosha mkono, akageuza skrubu moja ya kabureta nusu mzunguko, injini ikatulia. Jumatatu iliyofuata hakurudi ghalani.

Yule mwembamba, mwenye gereji, ndiye Yavuz, Mturuki wa Eskişehir, dereva wa pikipiki za mbio wa kulipwa. Alianza kwa kupeleka dawa majumbani kwa pikipiki ya duka la dawa, akawa mwepesi kiasi cha watu kuagiza dawa wasizozihitaji ili wamwone akikata kona. Baadaye akachukua ubingwa wa vijana kwao, akakimbia misimu miwili Ujerumani, kisha shemeji yake mwenye duka la dobi Fairfax akamwita huku. Katika ligi ya kanda alimaliza wa nne mwaka 2004 na wa pili mwaka 2005. Mwaka 2006 ndio ulikuwa mwaka wake. Zilibaki mbio za mwisho tu, anaongoza kwa pointi sita, na timu moja kubwa ilikuwa imeshasema kwamba atakayechukua kombe la ligi hiyo itampa kiti kwenye mashindano ya taifa. Yavuz alikuwa na miaka thelathini na moja. Kwa mchezo ule, umri huo mtu hasubiri msimu mwingine.

Sasa lazima nieleze kitu kimoja cha kazi yao, maana bila hicho huwezi kuelewa alichokifanya Ameir. Pikipiki ya mbio hutikisika mpaka nati zinajifungua zenyewe. Kwa hiyo ile bolti ya kumwagia oili, iliyo chini ya injini, hutobolewa tundu, ukapitishwa waya mwembamba, ukasokotwa kwa koleo na kufungwa kwenye chuma cha pembeni. Bolti ikitaka kulegea, waya unaizuia. Ni kazi ya dakika mbili. Na pale gerejini walikuwa na desturi yao: kabla Yavuz hajapanda, aliuliza neno moja tu, "Waya?" Naye Ameir, akiwa ameshaugusa kwa kidole, alijibu, "Tayari." Walisema hivyo mara mia, na mara mia ilikuwa kweli.

Mbio za mwisho ziliangukia Jumamosi, katika wiki ya kwanza ya Ramadhani. Uwanja ulikuwa West Virginia, maili sabini kutoka nyumbani, na kila mtoto wa chuo cha Kurani anajua kwamba safari ya namna hiyo inamruhusu mtu kufungua na kulipa baadaye. Yavuz alikula mayai asubuhi mbele ya Ameir bila wasiwasi wowote, akasema siku yake atailipa Desemba, siku zikiwa fupi. Akamwomba na yeye ale. Alimwambia anaitaka mikono yake iwe na nguvu siku ile kuliko siku zote. Ameir akaitikia kwamba atakula.

Hakula. Na tusimpambe, haikuwa kwa uchamungu. Adhuhuri ilipoingia aliswali kwa kupunguza, akaikusanya na alasiri kama msafiri, kwa sababu ruhusa ile haimpunguzii mtu heshima mbele za watu. Lakini ruhusa ya kula aliikataa, kwa kuwa alijua Bwana Nabil anakuja.

Bwana Nabil alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yao, mtu mwema mwenye sauti ya kusikika nyumba ya tatu. Alifika saa saba na gari zima la watoto, wake na wa jirani, kuja kumwona ndugu yao akifanya kazi na watu wakubwa. Swali lake la kwanza lilikuwa kama Ameir amefunga. Ameir akajibu, alhamdulillahi, huku akiteremsha macho kidogo, ile ya kujifanya hataki kusifiwa.

"Muoneni ami yenu," Nabil akawaambia watoto. "Ruhusa anayo, jua hili, kazi hii, na bado kafunga. Nyie mnalia na lunch break ya skuli."

Mmoja wao akajibu kwa Kiingereza kwamba yeye angekula tu. Wenzake wakacheka, Ameir naye akacheka, kichwa kimemvimba. Kilemba cha ukoka kikavalika vizuri kabisa.

Wakati huo pikipiki ilikuwa imetoka kwenye mzunguko wa majaribio na oili ilinuka petroli, ikabidi ibadilishwe upesi. Ameir akalala chini ya injini. Koo limekauka, vidole vinatetemeka, na macho kila mara yanamwonyesha nukta nyeupe. Alimwaga oili, akarudisha bolti, akaikaza, akachukua koleo na kipande cha waya. Hapo Nabil akamwita atoke kidogo, watoto wanataka picha naye karibu na pikipiki kabla haijaondoka. Ameir akatoka. Aliweka koleo juu ya sanduku la vifaa, akasimama katikati ya watoto, akashika usukani, akatabasamu. Walipiga picha tatu, kwa sababu kwenye ya kwanza mtoto mmoja alifumba macho.

King'ora kikalia. Yavuz akaja mbio akifunga glavu, akavaa helmeti, akapanda.

"Waya?"

"Tayari," akasema Ameir.

Hakuwa na nia ya kudanganya. Ulimi ulijibu wenyewe, kama mtu anavyoitikia salamu.

Mzunguko wa nne, Yavuz akiwa wa kwanza, bolti ilitoka na oili yote ikamwagikia tairi la nyuma. Pikipiki ilimwacha kwenye kona ya kulia ikaenda peke yake. Aliyemfuata naye akateleza kwenye oili ileile akavunjika mtulinga. Yavuz alivunjika paja, na helmeti yake ilipasuka kisogoni. Ameir alikimbia kutoka banda la mafundi mpaka ukuta wa kando ya njia ya mbio, akaanguka njiani kwa kizunguzungu. Watu wa uwanja walidhani ni mshtuko. Wakampa maji, naye, Mungu amsamehe, akayakataa.

Wakati wa kuondoka Nabil alimshika bega, akasema lile ni kadari tu, yeye asijilaumu, mtu aliye na saumu Mungu ndiye shahidi wake. Ameir alijihisi anavuliwa nguo.

Siku ya pili alikwenda hospitali. Wakaguzi walikuwa wameshaona tundu la bolti lisilo na waya, na walikuwa wameacha fomu ya kujaza: nani alibadilisha oili, nani alifunga. Daktari alikuwa amesema kichwa kimetikisika, na kwamba kumbukumbu za siku ile huenda zisirudi kabisa. Yavuz alikuwa amelala na mguu umening'inizwa, fomu kifuani. Wao wawili walizungumza Kiingereza chao cha gerejini, kibovu lakini cha kuelewana.

"Nakumbuka mayai," alisema Yavuz. "Baada ya hapo sikumbuki kitu. Oili niliibadilisha mimi?"

Hapo ndipo Ameir alipokuwa na nafasi ya kusema kweli. Nilivyoelezwa, muuguzi aliingia, akabadilisha dripu, akatoka. Ameir aliwaza watu wa msikitini, akawaza picha zile tatu, akawaza watoto wa Nabil wakiambiwa kwamba ami yao alimwangusha mtu kwa ajili ya kujionyesha.

"Ulisema unataka kuifanya mwenyewe," akajibu.

Na siku hiyo pia alikuwa amefunga.

Yavuz akajaza fomu kwa jina lake. Akafungiwa msimu mzima kwa uzembe uliohatarisha wenzake, na ile timu kubwa ikamchukua mtu mwingine. Aliandika barua ya kumwomba radhi yule aliyevunjika mtulinga, akampa Ameir aipeleke posta kwa kuwa yeye hakuweza kutembea. Ameir aliipeleka. Alisimama kwenye foleni na barua ya mtu akiomba msamaha kwa kosa lake yeye, haya zikimpanda mpaka masikioni, na foleni ilipofika kwake akasema tu kwamba anataka stempu.

Kifungo kilipokwisha Yavuz hakurudi mbioni. Watu wakasema ni mguu. Ameir naye akajiambia ni mguu, akaona afadhali, kwa kuwa mfupa ni kitu cha daktari. Lakini gerejini aliona mengine. Yavuz alianza kumwita kila amalizapo kazi, hata ya kubadilisha taa. "Angalia wewe," alikuwa akisema, "wewe husahau kamwe." Akamkabidhi funguo za gereji. Akawaambia wateja kwamba kama kazi haijapita mikononi mwa Ameir, haijaisha. Kila sifa ilikuwa kofi, na Ameir alizipokea zote ameinamisha kichwa, watu wakasema ni mnyenyekevu. Kila Idi pia Nabil aliisimulia ile saumu ya West Virginia, na kila Idi Ameir alikumbuka ghafla kwamba gari lake kaliegesha vibaya.

Johari ndiye aliyemtoa humo. Alikuwa ameona mumewe hafuturu tena na watu, anafunga peke yake hata siku zisizo za faradhi, Jumatatu na Alhamisi, wiki baada ya wiki, amekonda. Akambana, Ameir akamweleza yote. Johari aliondoa sahani mezani.

"Kwa Mungu ushatubu, sawa," alisema. "Lakini yule umemdhulumu, na haki ya mtu huiombi msikitini, waiomba kwake mwenyewe. Nenda kamwambie."

Ameir alichukua majuma mengine matatu kupiga moyo konde. Ikawa Mei 2009, Jumamosi mchana. Yavuz alikuwa amebadilisha gurudumu la gari la mkewe, maana jioni walikuwa wanampeleka mtoto wao mchanga Fairfax kwa shemeji. Alikaza nati. Akazikaza tena. Akazunguka gari, akarudi, akapiga magoti, akazikaza mara ya tatu. Kisha akamnyooshea Ameir spana bila kusimama na kumwomba aangalie, maana Beltway, ile barabara kuu ya magari ya kasi, si pa kuchezea.

Ameir alishika spana lakini hakuinama. Alisema pale pale amesimama, kwa sababu alijua akikaa hatasema. Alisema oili alibadilisha yeye. Alisema kuhusu saumu, kuhusu Nabil, kuhusu picha, kuhusu hospitali. Alikuwa ameandaa maneno ya kuombea radhi juu ya mguu, na juu ya kombe, akayatoa yote kwa mpango aliojifunza nyumbani.

Yavuz alisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza habari za mguu wala kombe.

"Niliuliza waya?"

"Uliuliza."

"Kabla ya kupanda. Niliuliza."

"Uliuliza. Mimi nikasema tayari."

Yavuz akaitazama mikono yake, kiganja na mgongo wa kiganja, kama mtu aliyerudishiwa kitu akawa anakikagua. Alipozungumza tena sauti ilikuwa ya chini sana.

"Mguu ulipona kabla ya kifungo kuisha," alisema. "Timu mbili zilinipigia simu. Niliziambia hapana, kwa sababu mtu anayesahau waya ataua watu."

Miaka yote Ameir alikuwa akihesabu kwamba alimwibia mwenzake mbio moja na paja moja. Sasa aliona alichochukua, na kwamba siku yoyote, asubuhi yoyote ya siku zile zote walizokunywa chai pamoja, angeweza kukirudisha kwa sentensi moja, na mtu huyu angepanda pikipiki akaenda zake. Yavuz alikuwa na miaka thelathini na nne.

Ameir alitamani atukanwe. Alitamani apigwe, afukuzwe, aambiwe aweke funguo mezani. Yavuz alisimama, akaichukua spana kutoka mkononi mwake, taratibu, bila kumgusa vidole, akaiweka sandukuni. Nati hazikuangaliwa tena. Akaingia kwenye gari la mkewe, akaliwasha, akaondoka.