Namba ya Mama Soli

Mtaani kwetu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Soli kwa sababu alikuwa fundi viatu, kazi aliyoirithi kwa baba yake baada ya kaka zake watatu kuikimbia wakisema inanuka gundi. Kibanda chake kiliegemea ukuta wa duka la dawa. Ndani mlikuwa na kigoda, kopo la misumari, msharasi wa kutobolea ngozi, na simu ya vitufe aliyoining'iniza kwa kamba isije ikaangukia gundi. Namba yake, ya miaka kumi na moja, aliiandika kwa rangi nyeupe juu ya mlango. Mumewe, dereva mstaafu mwenye pumu, alikuwa akishinda naye pale akisoma magazeti ya wiki iliyopita na kuyatukana kama ya leo.

Ugonjwa ulipoingia mjini, halmashauri ilitoa mwongozo kwa wakazi. Ilichukua wiki tano kuutoa, na ulipotoka ulikuwa kipeperushi cha karatasi nene inayong'aa, nusu nzima picha ya mwenyekiti wa halmashauri akinawa mikono huku akiitazama kamera. Mwananchi aliachiwa nusu iliyobaki. Nawa. Vaa barakoa. Usikaribiane na mwenzako. Mgonjwa ajitenge katika chumba chake mwenyewe, kana kwamba kila mtu mjini alijengewa nyumba na babake waziri. Chini kabisa waliandika: "Kwa ushauri wa kitaalamu, piga namba hii wakati wowote." Tarakimu ya mwisho ilitakiwa kuwa moja. Ikachapwa saba.

Simu ya kwanza ilimkuta Mama Soli amebana misumari midomoni.

"Hapo ni halmashauri?" aliuliza mwanamke.

"Hapa ni viatu."

"Mume wangu anakohoa siku ya tatu sasa."

"Viatu vyake vina nini?"

Mpaka jioni alikuwa amepigiwa mara arobaini na moja. Alidhani kuna mhuni anamchezea, hadi muuza dawa wa jirani alipomletea kipeperushi, naye akaiona namba yake mwenyewe chini ya mikono ya mwenyekiti.

Asubuhi yake akaenda ofisini. Mlangoni palikuwa na ndoo ya kunawia, na sabuni iliyofungwa kamba kama mbwa mkali. Ndoo ilikuwa kavu. Mlinzi akamwambia, "Wewe nawa tu, mama, utaratibu ndio huo." Akasugua mikono mikavu chini ya bomba kavu, ndipo akaruhusiwa kupita.

Ofisa habari alikuwa mtu wa makamo aliyevaa tai hata kwenye joto la kuyeyusha lami. Watu walimwita Bwana Tai, na hawakuwa wakimsifu. Barakoa yake ilikuwa imekaa kidevuni, imemshikilia ndevu.

"Namba mliyoandika ni yangu," Mama Soli akamwambia. "Irekebisheni."

"Mama, vipeperushi elfu thelathini vimeshatoka."

"Basi tangazeni kwamba mmekosea."

Bwana Tai akatabasamu kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. "Tangazo la masahihisho lazima lipitishwe na kikao. Na vikao vimezuiwa na mwongozo."

"Mwongozo huu huu?"

"Huu huu. Kwa nini wewe usibadilishe namba yako? Ni kitendo cha uzalendo."

Mama Soli alichukua kipeperushi mezani, akaitoa simu yake, akabonyeza ile namba ila mwisho akaweka moja. Alitaka kumjua huyo mtaalamu aliyekoseshwa kazi. Simu ikaanza kulia mle mle ofisini. Ililia ndani ya droo ya meza ya pembeni, ikatulia, akapiga tena, ikalia tena.

"Mbona haipokelewi?"

"Droo imefungwa," alisema Bwana Tai, akijitia kutafuta kalamu. "Mwenye ufunguo anafanyia kazi nyumbani."

"Tangu lini?"

"Tangu mwongozo utoke."

Mama Soli aliniambia baadaye kwamba alikuwa amejiandaa kwa matusi, tena ya kuchagua, lakini ile droo ilimfunga mdomo. Alielewa pale pale kwamba namba ikirekebishwa, watu wote wale watakuwa wanalilia mbao za droo. Akageuka, akatoka. Bwana Tai akamfuata kwa sauti: "Usisahau kunawa ukitoka, mama!"

Tangu siku hiyo akaacha kusema "hapa ni viatu." Jirani yetu mmoja alikuwa muuguzi, na kila alipotoka zamu alisimama kibarazani kwa Mama Soli, aliyekuwa akimuuliza maswali kutoka dirishani na kuandika majibu kwenye daftari. Mgonjwa alazwe vipi. Anyweshwe nini. Dalili gani si za kusubiri. Hakuwa na sauti ya kubembeleza. Mwanamume mmoja alipompigia kuuliza kama pombe kali inaua vijidudu kooni, alimwambia, "Ingekuwa inaua, wewe ungekuwa huna hata minyoo."

Lakini mwingine alimuuliza, "Tuko saba chumba kimoja. Nijitenge wapi?" na hapo hakufanya mzaha. Kipeperushi hakikuwa na jibu, maana walioandika hawakuwahi kulala saba. Alimwuliza mlango uko wapi, dirisha liko wapi, upepo unatokea upande gani, nani ana barakoa na nani hana. Akampangia chumba kwa simu kama anayepima mguu: mgonjwa dirishani, shuka katikati, wengine walale vichwa upande wa mlango. Daftari likajaa wagonjwa na hali zao. Wengine walipona. Wengine, alipowapigia kuwajulia hali, simu zao zilipokelewa na ndugu, naye akajua kabla ya kuambiwa. Siku kama hizo alikuwa akigonga soli kwa nguvu.

Kisha akapigiwa na binti aliyekuwa akilia. Mama yake alikuwa anahema kwa shida, midomo imegeuka rangi. Muuguzi alikuwa amesema wazi: midomo ikibadilika, hospitali, dakika hiyo hiyo. Mama Soli akapiga hospitali. Gari la wagonjwa lilikuwa moja na lilikuwa gereji.

Wakati huo huo gari la matangazo la halmashauri likawa linapita taratibu, spika mbili juu, sauti ya Bwana Tai iliyorekodiwa ikiwahimiza wananchi wabaki majumbani na wasiwe na hofu. Mama Soli akaingia katikati ya barabara.

"Kuna mama anakata roho mtaa wa pili," akamwambia dereva. "Mpeleke."

"Gari hili ni la matangazo, mama. Si la wagonjwa."

"Basi tangaza njia nzima."

"Sina kibali."

Mama Soli akachuchumaa kando ya gurudumu la mbele, msharasi mkononi, ncha yake ikagusa mpira. "Nimetoboa ngozi ngumu kuliko hii," akasema. "Amua."

Dereva akaamua. Mumewe Mama Soli akapanda mbele kumwonyesha njia, na alipokatazwa kwa sababu ya pumu yake, akafunga barakoa mbili na kujifanya kiziwi. Yule mama akalazwa nyuma, kichwa mapajani mwa binti yake. Hakuna aliyejua kuzima kile kinasa sauti, kwa hiyo walifika hospitali Bwana Tai akiendelea kuwaamuru wabaki nyumbani. Mgonjwa alikaa kwenye oksijeni siku tisa, akatoka kwa miguu yake.

Dereva akapewa barua ya onyo.

Ugonjwa ulipopungua, Bwana Tai alifika kibandani kwa Mama Soli kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameambiwa kuna daftari. Alilitaka kwa ajili ya ripoti, akasema, na yeye Mama Soli angepewa cheti cha ushiriki.

"Mle mna magonjwa ya watu," akamjibu. "Hawakunipa ili nikupe wewe ujipambe."

"Lakini mama, ni takwimu!"

"Kafungue droo yako. Huko ndiko takwimu zako ziliko."

Alilichoma daftari siku ile ile, ukurasa mmoja mmoja, juu ya jiko la mkaa, mbele ya mumewe.

Ripoti ilitoka hata hivyo, ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Ilisema simu elfu sita zilipokelewa na jopo la wataalamu waliobobea. Bwana Tai akapandishwa cheo, akahamia ofisi yenye kiyoyozi. Mumewe Mama Soli alikwenda kuisoma, akarudi akicheka mpaka kifua kikaanza kupiga filimbi.

"Jopo," akasema akihema, "nina njaa. Wataalamu mmepika nini?"

"Kaa chini utumie dawa yako," Mama Soli akamwambia, akamsogezea kigoda kwa mguu.