Butwaa la Bundi Mwenye Pembe

Juzi mwanangu wa mwisho alijilaza kwenye kochi na simu yangu, akicheza gemu la kupigana kwa zamu. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Nikachungulia begani kwake, nikamwona mpiganaji mmoja, binti mwenye fimbo, amesimama mdomo wazi, nyota zinamzunguka kichwani. Nikaweka sinia chini.

"Huyu kafanyaje?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Kapigwa, mama. Hawezi kufanya kitu. Anapoteza zamu moja tu, halafu anarudi."

Zamu moja tu! Mchele wenyewe haukuiva siku ile, tulikula mkate. Sogea basi, rafiki yangu, nikueleze kwa nini, maana haya sijamwambia hata baba yao.

Zamani hizo tuliishi Kizota, kwa bibi mzaa baba. Ilikuwa miaka ya ruksa, vitu vilivyokuwa vikisikika kwa jina tu vilianza kuonekana kwa macho: sabuni za kunukia, viatu vya mtumba, redio za kila rangi. Mtaa wetu uliamka na mlio wa msumeno wa chuma na kulala na vumbi la mbao. Jirani yetu, mama mmoja wa Kiislamu ambaye babu zake waliingia Dodoma na misafara ya biashara, alikuwa na duka, na nyuma ya duka chumba kimoja cheusi kama tumbo la chungu. Kaka yake alimletea kutoka Dar televisheni na mashine ya gemu. Hapo ndipo akili zetu zilipohamia.

Asubuhi chumba kilikuwa cha wavulana, na kelele zao. Alasiri, wao wakiwa mpirani, mama yule alituruhusu mimi na binamu yangu, na malipo yetu yalikuwa maji. Wewe unajua shida ya maji ya Dodoma. Tulipanga foleni bombani, tukambebea ndoo kichwani mpaka pipa lake lijae, ndipo akasema, "Haya, ingieni, na mkiuacha mlango wazi vumbi litaniulia mtambo." Tulikaa kwenye mkeka tukitafuna karanga, jasho na harufu ya mafuta ya taa vikituzunguka. Mpaka leo nikinusa mafuta ya taa nasikia furaha, kisha nasikia uchungu, kwa mpangilio huohuo.

Binamu yangu alikuwa mtoto wa shangazi, kutoka Kolo, huko Kondoa. Aliletwa mjini asome. Alikuwa mwembamba, mcheshi, na mwongo wa kupendeza. Aliniambia kwao kuna watu wekundu waliochorwa kwenye miamba tangu zamani, na kwamba usiku hushuka kuomba chumvi. Nilimwamini kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Kaseti ya gemu tuliyoipenda iliandikwa kwa herufi ambazo hakuna aliyezijua, labda za Kichina. Tulijifunza gemu lile kama mtoto anavyojifunza jiko, kwa kuungua. Walikuwamo wapiganaji wanne, na wa binamu yangu alikuwa daima yule binti mwenye fimbo. Adui tuliyemwogopa kuliko wote alikuwa bundi mwenye pembe. Hakuwa na nguvu nyingi, ila alipolia, mmoja wetu aliganda pale alipo, nyota zikamzunguka. Tukasema kapigwa butwaa.

Ilituchukua muda kulielewa lile butwaa. Mwanzoni tulidhani linaua, tukawa tunakimbilia kumpa mgonjwa dawa, na dawa hazikumsaidia kitu. Kisha binamu yangu akagundua. "Tazama damu yake," akasema, akigusa kioo kwa kidole. "Haijapungua. Butwaa haliumi. Linaloua ni lile linalokuja wakati yeye hayupo." Alikuwa mtoto, lakini sijasikia daktari aliyelisema vizuri zaidi. Akatafuta kwenye alama za kuchagua chini ya kioo mpaka akapata picha ya ngao. Ukiibonyeza, mwenzake anasogea mbele ya yule aliyeganda na kupokea pigo badala yake, mpaka fahamu zimrudie. Tangu hapo bundi akilia tulipiga kelele pamoja, "Ngao!"

Sasa sikiliza. Siku moja nilipiga kelele hiyo na sauti yake haikusikika. Nikageuka. Binamu yangu alikuwa amekaa wima, macho wazi, kidole kimesimama juu ya kitufe. Karanga ilikuwa kwenye midomo yake, haiingii wala haitoki. Nikamwita. Nikampungia mkono usoni. Kisha akapepesa macho, akatafuna karanga yake, akauliza, "Nani kaniulia binti yangu?"

Tulicheka sana! Watoto wana moyo wa ajabu. Tukasema bundi ametoka kwenye televisheni.

Lakini bundi alirudi. Alimkuta bombani ndoo ikifurika, alimkuta akipepeta uwele, alimkuta darasani. Mwalimu wetu alidhani ni kiburi. "Wewe, umekwenda wapi?" alimuuliza siku moja, na darasa likajibu kwa pamoja, "Kuchunga mbuzi!" Fimbo ikafuata. Binamu yangu hakujua amepigwa kwa kosa gani, maana kwake hakuna kitu kilichokuwa kimetokea. Alinitazama tu, na mimi nikapata hasira ambayo haijaisha, mwalimu anisamehe huko aliko.

Basi tukaiga gemu. Hatukuwa na dawa wala jina la ugonjwa, tulikuwa na ngao. Akiganda barabarani, nilisimama upande wa magari. Akiganda jikoni, nilikaa kati yake na moto. Wenzetu wa mtaani walijifunza haraka, hata wale wavulana wakorofi. Ungesikia mmoja anaita "Ngao!" na watoto wanaacha mpira wao wa rede katikati, wanakuja kumzunguka migongo yao ikiwa kwake, nyuso nje, kama wanamsubiri adui. Hakuna aliyemgusa, hakuna aliyemcheka. Akirudi, mchezo uliendelea. Sijawahi tena kuona watu wakimtunza mtu vizuri namna ile, na sisi hata kamasi tulikuwa hatujajua kufuta.

Wakubwa walipogundua, mambo yakaharibika. Bibi alisema ni mdudu wa kichwani. Wengine walisema mashetani. Mchungaji akaomba, mganga akachanja. Mwisho wote wakakubaliana kwamba mkosi umetoka kwenye ile televisheni, kwamba mwanga wake unanyonya watoto. Mama wa duka akafunga chumba, akalia, akaapa hakujua. Mpaka leo siwezi kukuambia kama walikosea kabisa. Lakini dawa yao ilikuwa kumrudisha Kolo akapate hewa safi, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa.

"Bibi," nikamwambia, "asikae peke yake. Anatakiwa mtu wa kusimama mbele."

"Mbele ya nini?"

"Ya chochote kinachokuja."

Bibi alikuwa anasonga ugali. Hakuacha kusonga. "Mjukuu wangu, kule kuna mama yake, kuna Mungu. Mambo ya sinema yaache humohumo."

Shangazi alipokuja kumchukua nilimwamkia shikamoo, nikamweleza yote: bundi, nyota, ngao. Alinisikiliza kwa upole, akanipapasa kichwa. "Sawa, mwanangu, nimekusikia," akasema, kwa sauti ile wakubwa wanayomjibia mtoto aliyewaambia ameota anaruka. Binamu yangu alikuwa ameshapanda basi la Kondoa. Alitoa kichwa dirishani, akaniambia atawasalimia wale watu wekundu wa miambani. "Nao wamepigwa butwaa," akasema, "wamesimama tu miaka yote hiyo."

Kama umepita nchi ile unajua mito yake. Mwaka mzima ni mchanga. Watu hufukua visima humo, mtoto huingia na kata ya kibuyu, akachota taratibu. Wenyeji wanajua kwamba mvua ikinyesha mbali milimani, huku jua likiwaka, maji hushuka ghafla. Ukisikia ule mngurumo unaacha ndoo na kukimbilia ukingoni. Kila mtoto wa kule anaujua mngurumo ule kabla hajajua kusoma. Binamu yangu aliujua pia.

Walikuwa wasichana kadhaa kisimani. Mmoja wao alitusimulia msibani. Mngurumo ulikuja, wakakimbia wote, na walipofika juu wakahesabiana wakakuta amepungua mmoja. Alikuwa amesimama katikati ya mchanga, kata mkononi, amekwenda zake. "Tulimwita sana," alisema. "Tulidhani hajasikia. Tukamwita tena."

Shangazi aliinua uso, akanitafuta kati ya watu walioketi chini, akanipata. Niliumia kwa ajili yake kuliko nilivyowahi kumkasirikia, na nilikuwa nimemkasirikia sana.

Kizota ya siku hizi siitambui. Duka la mama yule ni ghorofa la vipuri, yeye kashatangulia mbele ya haki, bibi naye. Ugonjwa wa binamu yangu nimekuja kujua una jina, una vidonge, na vidonge vyenyewe vinayeyuka kinywani kama pipi. Vitu vingi vimeongezeka. Kilichopotea ni watoto walioacha rede yao bila kuambiwa, wakamgeuzia mwenzao migongo kwa mapenzi.

"Mama, bundi atampiga?" mwanangu aliuliza. Kwake alikuwa joka, si bundi, mimi ndiye niliyesikia bundi. Nikamwambia atafute ngao. Akaitafuta, akaipata, akabonyeza. Mwenzake akasogea mbele, akapokea pigo lote. Nyota zikapungua, binti akapepesa macho, akainua fimbo yake.

"Umeona?" akasema mwanangu. "Hata hajui kilichotokea."