Mwalimu Aliyejipa Tano

Jumatatu nilikuwa kwenye duka moja la fotokopi hapa Garsen, nikingoja zamu yangu. Mbele yangu alisimama mwalimu wa Kiingereza kutoka shule moja ya upande wa Golbanti, akijaza fomu ya kujitathmini. Kila swali alijipa tano juu ya tano, kwa madaha ya bwana harusi anayetia saini.

Swali la mwisho la ukurasa wa kwanza alilisoma kwa sauti: "Wanafunzi wangu huzungumza Kiingereza bila woga." Akaandika tano.

Mwenye duka, mwanamke wa miaka thelathini hivi, akazima mashine.

"Mwalimu, mimi ulinifundisha miaka minne."

"Nakukumbuka. Ulikuwa kimya, mwenye adabu."

"Haikuwa adabu. Ulikuwa ukizungumza wewe tu, kengele hadi kengele. Nikikosea neno darasa zima linacheka, na anayeanza kucheka ni wewe."

Nilidhani mwalimu atamkaripia. Alivua miwani, akaipangusa kwa shati polepole, kisha akaikata ile tano na kuandika moja.

"Na mwaka huu nilitaka kupandishwa cheo," alisema, kama anayejisemea mwenyewe. Halafu akaisukuma fomu juu ya kaunta. "Haya, binti yangu, kurasa zilizobaki nijazie wewe."

Akamjazia, bila huruma hata kidogo, na mwalimu akatia saini.

Nami nilipofika nyumbani nilijitathmini kama mume. Matokeo ni mazuri sana, ila mke wangu sijamwonyesha.