Zabuni ya Mtaro wa Kisenyi

Nilirudi kwa wazazi wangu Kisenyi, mtaa wa Kampala, na talaka mkononi, na baba, badala ya kunipa pole, alinipa taipureta. Alikuwa mwashi, mjukuu wa wafanyabiashara waliopanda bara kutoka pwani. Kwa miaka mingi alijenga chini ya wakandarasi wa Kihindi. Wahindi walipofukuzwa nchini, akasajili kampuni yake mwenyewe, ila makaratasi yalimchosha. "Mimi nitapima, wewe utaandika," akaniambia. Ndivyo nilivyoingia katika mambo ya zabuni, nikiwa na miaka ishirini na minne.

Zabuni iliyotutia matatani ilikuwa ya kazi ya mlangoni kwetu: mtaro wa mawe na daraja dogo la miguu, nyuma ya magereji ya Kisenyi. Mtaro uliokuwapo ulikuwa wa udongo. Kila masika ulifurika na kumwaga maji ya vyoo majumbani. Mwaka uliotangulia jirani yetu alizika watoto wawili waliokufa kwa kuhara. Kwa hiyo baba hakuipima kazi ile kama kazi nyingine. Asubuhi mbili tulitembea ndani ya tope, yeye na kamba yake yenye mafundo, mimi na daftari, tukitafuta mteremko.

Tulikuwa bado tunapiga hesabu ya mawe, kapteni mmoja wa jeshi alipokuja nyumbani na Landrova. Tulimjua. Alikuwa na kampuni ya ujenzi isiyokuwa na hata toroli, nayo ilishinda kila zabuni ya jiji. Mama alimletea chai. Hakuigusa.

"Mzee, hii kazi ya mtaro ni yangu," alisema kwa Kiswahili cha kambini. "Lakini kamati nataka bahasha tatu. Wewe leta yako, weka bei kubwa kushinda yangu. Basi."

Baba akamuuliza, "Afande, maji ya mtaro huo utayapeleka wapi?"

"Maji itajua yenyewe."

"Na tukiandika bei yetu ya kweli?" nikauliza.

Hapo ndipo aliponitazama. "Huyu nani?"

"Karani wangu," alijibu baba. "Tena binti yangu."

"Mwambie karani yako, hii Kampala watu napotea."

Alipoondoka, mama alikusanya vikombe. "Mpeni anachotaka," alisema. "Mtu hafi kwa ajili ya mtaro." Baba alikwenda msikitini kuswali alasiri, akarudi, akavua viatu, akaniuliza nilikuwa nimefika ukurasa wa ngapi.

"Wa tatu."

"Endelea."

Sitajisingizia ushujaa. Vidole vilikuwa vizito, na ukurasa wa hesabu ya saruji niliuharibu mara mbili. Lakini nilikuwa nimeishi miaka mitatu na mume aliyeniamuru ninyamaze, na sikuwa na ukimya mwingine wa kumpa kapteni.

Bahasha niliipeleka mwenyewe kwa mhandisi wa jiji, Mganda mmoja mpole aliyezoea kusema kwa kunong'ona. Aliipindua huku na huku. "Nnyabo," akaniita kwa heshima ya Kiganda, "mna hakika?" Nikamwambia kanuni inataka agonge muhuri na kuandika saa. Aligonga.

Siku ya kufungua bahasha, kapteni hakuketi nasi waombaji. Aliketi mezani, pamoja na kamati. Bahasha zilikuwa tatu: yetu, yake, na ya mchuuzi wa sabuni wa soko la Kikuubo ambaye hajawahi kujenga hata banda la kuku. Bei yetu ndiyo iliyokuwa ya chini kuliko zote. Mwenyekiti akakohoa, akasema kampuni yetu haifai kwa sababu haina gari.

Nilisimama. Baba alinishika upindo wa gauni, kisha akauachia.

"Kanuni ya zabuni haitaji gari," nilisema. "Inataja mawe, saruji na mafundi. Sisi tuna mafundi kumi na wanne. Naomba kamati imuulize afande, yeye ana wangapi?"

Hakuna aliyemuuliza. Mhandisi alitazama viatu vyake. Nikaomba swali langu liandikwe katika kumbukumbu za kikao, nikabaki nimesimama mpaka katibu alipoinamisha kichwa na kuliandika. Kazi akapewa kapteni.

Majuma mawili baadaye alirudi. Alikuwa na kazi lakini hakuwa na mtu wa kuifanya, na gavana wa kijeshi alikuwa ametangaza kwamba atakuja Kisenyi kuukagua mtaro. "Mzee, mkono ni yako, jina ni yangu," alisema, safari hii akitabasamu.

"Mtaro ukibomoka," baba alimwambia, "atakayetukanwa hapa Kisenyi ni fundi. Basi na karatasi iwe na jina la fundi."

Askari walimchukua baba mchana kweupe, mbele ya magereji yote. Siku tatu mfululizo nilisimama kwenye lango la kambi ya jeshi na chakula ambacho hakikupokelewa. Siku ya tatu niliacha lango, nikaenda moja kwa moja ofisini kwa mhandisi na kufunga mlango nyuma yangu.

"Wewe ndiye uliyegonga muhuri," nilimwambia. "Unajua bei ya nani ni ya kweli. Gavana akija akakuta tope, ataanza na wewe au na kapteni?"

Alisimama, nikadhani ataniitia askari. Kisha akachukua koti lake. "Nnyabo, nenda nyumbani," alinong'ona. "Mimi nitaenda huko."

Sikuwapo alipozungumza na kapteni. Baadaye alinieleza kwamba alimwambia jambo moja tu: "Mtu mmoja peke yake ndiye aliyeupima mteremko ule, naye yuko kwenye seli yako." Jioni hiyo baba alirudi kwa miguu, nyayo zimevimba, jino moja halipo. Alitaka maji ya moto na chumvi, akaloweka miguu, akauliza kama mawe yameletwa.

Kapteni aliisalimisha kazi kwa maandishi. Kamati ikatupa sisi, kwa bei yetu, na mkataba niliupiga chapa mwenyewe, jina la baba kwa herufi kubwa. Saruji ilikuwa adimu kama dawa. Mhandisi alitutafutia kibali, na palipopungua baba alipanga mawe kwa kubana mpaka kisu hakipiti katikati. Kazi ikaisha siku nne kabla ya ukaguzi.

Gavana alikuja na bendi. Alisimama juu ya daraja letu, akaupiga ukingo kwa fimbo yake, akamshukuru kapteni kwa bidii aliyoionyesha kwa taifa. Hakuna aliyekuwa amethubutu kumweleza kwamba kapteni aliisalimisha kazi. Kapteni alipiga saluti. Mimi nilikuwa nyuma, kati ya mama na yule jirani aliyezika watoto wawili. Sisi tuliojua tulitazama chini.

Ghafla jirani akapaza sauti. "Fundi yuko huku!" alisema, akimwonyesha baba kwa mkono wake wote.

Watu waligeuka. Mtu mmoja wa gereji akaanza kupiga makofi, wakafuata wenye maduka, wakafuata wanawake waliokuwa milangoni. Hawakumpigia gavana. Walikuwa wamemgeukia baba, aliyesimama na kanzu yake ya Ijumaa, mikono haijui pa kukaa. Askari walitutazama mmoja mmoja kana kwamba wanakariri nyuso. Nilimwona kapteni akiukunja mdomo. Nilijua anatukumbuka, na nilijua tunaweza kulipia makofi yale. Hata hivyo hakuna aliyekuwa wa kwanza kuacha. Tulipiga mpaka viganja vikawaka.